Mafuta ya Mkuu Ndani ya Pipa

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana najua mnajua. Mimi ndiye yule mwalimu wa kemia aliyewakusanya watu kwa keki na spika waje waone maajabu ya sayansi, halafu akawaonyesha mafuta ya kupaka. Ndiyo, mimi. Aibu niliyoipata siku ile ni ya kutamani sakafu ya simenti ipasuke niingie na viatu vyangu vya kuazima, na mpaka leo nikipita kantini ya chuo lazima kuna mwanafunzi atamwambia mwenzake "Madam Mgando huyo," kwa sauti anayodhani ni ya chini. Lakini leo nasimulia mwenyewe kwa mdomo wangu, kwanza kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya, na pili kwa sababu kuna sehemu ya mkasa huu ambayo siijutii hata kidogo, na asiyeipenda shauri yake.

Nafundisha chuo kimoja hapa Mbeya (jina mniachie, bado nina mkataba nao), ila kwetu ni Kalenga, Iringa. Kwenye jengo letu la sayansi, mwisho wa korido, kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mashine tuliyopewa na chuo kimoja cha nje walipojinunulia mpya. Watu wanaiita Pipa kwa sababu ndivyo ilivyo, pipa la chuma linalong'aa, lina vidirisha vya duara na mabomba kila upande, na linanguruma kutwa. Pampu zinanyonya hewa yote iliyomo mpaka ndani panabaki patupu, patupu kweli, siyo kama friji yangu mwisho wa mwezi (ile bado ina limao). Katikati ya utupu huo kuna kisahani cha shaba, kidogo kama kifuniko cha soda, na tunakipoza mpaka baridi ambayo hata Kitulo mwezi wa saba haijawahi kuiota.

Sasa fuateni hapa, siyo pagumu. Unafungulia mvuke kidogo sana wa methanoli, molekuli rahisi tu, ina kaboni moja, oksijeni moja na haidrojeni nne, na ule mvuke ukigusa shaba unaganda, unakuwa utando wa barafu mwembamba usioonekana kwa macho. Halafu unawasha waya, na waya unatema elektroni, zilezile ambazo zamani zilikuwa zinapiga kioo cha TV ya chogo kwa nyuma ndiyo mnaona taarifa ya habari. Elektroni zinaupiga utando, molekuli zinavunjika, vipande vinahangaika humo kwenye barafu, vinakutana, vinashikana, na vingine vinakuwa molekuli kubwa kuliko zilizoanza. Ukimaliza unakipasha kisahani joto polepole, kila kitu kinapaa kwa zamu yake, na kifaa kingine kinavipima uzito na kuchora vilima kwenye kompyuta. Ukiona kilima cha kitu ambacho hukukiweka mle, basi umekitengeneza.

"Faida yake?" Hilo ndilo swali la kila mtu, na hasa la Mwalimu Gwakisa, mkuu wa kitengo cha mitihani, Mnyakyusa mmoja mrefu, nadhifu, asiyeinua sauti hata akikutukana. Nilishamweleza zaidi ya mara moja kwamba huko juu angani kuna vumbi lililofunikwa na barafu za namna hiyohiyo, na linapigwa na mionzi miaka nenda rudi bila mtu kushika swichi, na sisi tunataka kujua vitu vya kawaida kabisa vinaanzaje kuwa vitu vinavyojenga uhai. Mimi jambo hilo linaninyima usingizi tangu nilipolisikia. Gwakisa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Lakini mitihani tunafotokopia kwenye ngazi."

Na hapo ndipo palipokuwa na roho yangu. Chumba cha Pipa kilikuwa kinatakiwa kiwe cha fotokopi. Mkuu wa chuo alishasema wazi kwamba bodi inakuja mwezi wa saba, na kama hadi siku hiyo Pipa halijaonyesha kitu, linazimwa, linapelekwa stoo. Mashine ya namna ile ukishaizima na kuitupa stoo ndiyo umeizika, unyevu unaingia, panya wanakula nyaya, na hakuna atakayeifufua. Kwa hiyo mwezi wa sita wote mimi na Fundi Shabani tulikuwa tunaishi mle. (Shabani ndiye anayehudumia pampu. Kazaliwa Mbeya, baba yake kazaliwa Mbeya, ila kwa kuwa babu zao walitoka Kilwa kufanya biashara basi kila baridi ikianza analalamika kama kashuka kwenye basi jana.)

Siku yenyewe tulikuwa tumelifungua Pipa ili tukisafishe kisahani. Nimekisugua, nimekiosha, kinang'aa, nimevaa glovu zangu, koti langu jeupe, mikono sijapaka chochote, maana siku za Pipa mimi huwa sipaki mafuta hata ngozi ipasuke. Niko hatua ya mwisho kabisa, nataka nikirudishe mahali pake tufunge, mara mlango unafunguliwa anaingia Mkuu wa chuo. Mkuu naye ni mtu wa Iringa, Mhehe mwenzangu, mzee wa heshima zake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuninyooshea mkono.

"Kamwene, mwanangu!"

Sasa niambieni ninyi mnaojua sana. Mkubwa wako, tena anayeamua kama chumba unacho au huna, kakunyooshea mkono, wewe una glovu za mpira. Utafanyaje? Umpe mpira aushike? Umwambie "samahani baba, wewe mchafu"? Mimi nimelelewa Kalenga, na mama yangu angesikia nimempa mtu mzima mkono wenye glovu angenitafuta popote nilipo. Nikakiweka kisahani kwenye kitambaa, nikavua glovu ya kulia haraka haraka ikaanguka chini, mkono wa kushoto nikaushikiza kwenye kiwiko, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Kamwene, baba."

Na Mkuu, jamani, mwezi wa sita Mbeya, ngozi yake ni ya kupasuka, anajipaka mafuta ya mgando kama anapaka mkate siagi. Mkono wake ulikuwa unang'aa kuliko shaba yangu. Wala hakuniachia. Akaniuliza habari za mama, mkono anao. Akaniuliza mahindi ya Kalenga mwaka huu yamekaaje, mkono anao. Akaingia kwenye habari za bodi, kwamba yeye binafsi anatupenda lakini Gwakisa anamsumbua sana, mkono bado anao na anautikisa kila akifika kwenye nukta. Alipoondoka mkono wangu ulikuwa umelainika kama wa bibi harusi.

"Dada, tufunge, umeme unachezacheza huo!" Shabani akapiga kelele kutoka kwenye pampu, maana umeme ukikatika na Pipa liko wazi tunaanza upya kila kitu. Glovu iko chini, ina vumbi. Boksi jipya liko stoo, na mwenye ufunguo wa stoo kaenda kunywa chai. Basi uamuzi wenyewe ndio huu, mdogo hivi: nikajifuta vidole kwenye koti, nikakishika kisahani pembeni, kwa vidole viwili tu, nikakirudisha, tukafunga. Nikajiambia nimegusa ukingo, siyo kitu.

Siku chache baadaye, utupu ukiwa umekaa sawa, tukagandisha methanoli, tukaipiga elektroni, tukaanza kupasha. Nawaambia, kwenye kioo cha kompyuta vilianza kuota vilima, siyo kimoja, siyo viwili, ni ngazi nzima, kila kilima kimemzidi mwenzake uzito kwa hatua ileile, kinakwenda, kinakwenda! Kaboni moja imeingia, na huku zinatoka kaboni nyingi zilizoshikana mikono! Shabani akaruka, "Mashallah, dada! Mashallah!" Mimi nikalia kabisa, machozi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mashine hizi akiiona ngazi ile hata akiwa amesinzia atakuambia, hayo mafuta, mama, nenda kaoshe. Na mimi nilishaisoma hiyo kwenye vitabu. Lakini nilitaka sana iwe kweli, na mtu akitaka sana anaona anachotaka. Kuna jambo ambalo hufanywa kabla ya yote, unakipasha kisahani kikiwa kitupu, bila methanoli, bila elektroni, uone chenyewe kinasema nini. Nililiruka, nikaona bodi imekaribia, tutafanya baadaye.

Badala yake nikapiga picha ile ngazi, nikaituma kwenye kundi la ukoo.

Hilo nalo, jamani. Jumapili ile mama yangu kasimama kanisani Kalenga wakati wa matangazo, kamshukuru Mungu kwamba binti yake Mbeya kaumba vitu kwa umeme (nilimwambia kutengeneza, "kuumba" kaongeza mwenyewe). Mkuu ana ndugu palepale. Kabla sijamaliza kuandika taarifa, kashanipigia simu, "Mbona mimi nasikia kutoka kanisani?" Lakini alikuwa amefurahi mno, na Mkuu akifurahi lazima kuwe na shughuli. Siku ya bodi, akasema, tutafanya jambo lenye hadhi. Akaita MC. Akaagiza keki yenye umbo la pipa. Spika mbili kubwa zikafungwa kwenye korido, projekta ikaelekezwa ukutani ili kila mtu aione ngazi ikiota mubashara.

Na mama akaja. Alikuja na akina mama wenzake wa kanisani, sare ya kitenge cha njano, walishuka Chimala njiani wakanunua mchele, kwa hiyo wakaingia chuoni na viroba. Nimekuja kujua baadaye kwamba kwenye basi alikuwa anawafundisha: "Sisi hatujui kemia, ila mkiona tu ngazi ukutani, hapo ndipo penyewe, pigeni vigelegele."

Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Bodi mbele, mwenyekiti wao ni mama mmoja mstaafu, mkimya, anaandika sana. Nikaeleza vizuri, nilikuwa na raha, hata utani nikatia. Nikasema sasa tunaanza. Gwakisa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ombi dogo tu. Kabla hujaweka hiyo methanoli, kipashe kisahani kikiwa kitupu tuone. Kama hakuna kitu, tuendelee."

Ningeweza kusema muda hautoshi. Shabani alikuwa ananitolea macho niseme hivyohivyo. Lakini mimi nilimwangalia Gwakisa na ule unadhifu wake, nikaona huyu anataka kunidhalilisha mbele ya mama yangu, kiburi kikanipanda, nikasema kwenye maiki, "Karibu sana. Kukipasha tu? Hata mara mbili."

Kupasha kunachukua muda, kwa hiyo MC akatujazia muziki wa taratibu. Ukutani mstari mnyoofu. Mnyoofu. Nikamtupia Gwakisa jicho la "umeona?" Kisahani kikapata moto, na mstari ukainuka. Kilima. Halafu cha pili. Halafu ngazi yote, ileile, hatua kwa hatua, inapanda ukutani bila tone la methanoli, bila elektroni hata moja.

Na akina mama wakapiga vigelegele!

Yaani walipiga, jamani, walipiga! Wamesimama, vitenge vinapepea, mama yangu katikati analia kwa furaha, MC kuona hivyo akafungulia muziki wa kuingiza maharusi, mjumbe mmoja wa bodi naye anapiga makofi, Mkuu ananyanyuka na kisu kuielekea keki. Mimi nimesimama pale na maiki. Katika chumba kizima tulikuwa watatu tu tunaojua ngazi ile maana yake nini, mimi, Shabani na Gwakisa, na Gwakisa hakucheka hata. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Zima muziki," nikasema. MC hakusikia. "ZIMA MUZIKI!" Ukazimika katikati ya kigelegele, kikabaki kimoja kinaning'inia, cha mama.

"Ngazi hii siyo methanoli," nikasema. "Imekuwepo kwenye kisahani tangu mwanzo. Siyo ugunduzi. Ni mafuta."

Mwenyekiti wa bodi akaacha kuandika. "Mafuta gani?"

"Ya kupaka. Ya mgando."

"Yamefikaje humo?"

Hapa ndipo watu wanaponisema. Wanasema ningejibu "sijui," au ningesema ni yangu, yakaisha. Lakini nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu kuhusu kilichomo ndani ya mashine yangu, na nilikuwa nakijua, na nilikuwa nimetoka kudanganyika mwezi mzima kwa kutotaka kujua. Nikasema, "Ni ya Mkuu. Alikuja maabara, akanipa mkono, nikavua glovu nikampokea kwa heshima. Mkono ulikuwa wake, ila kidole kilichogusa kisahani kilikuwa changu, na kosa ni langu."

Mkuu, na kisu cha keki mkononi, akakigeuza kiganja chake akakitazama. Kilikuwa kinang'aa. Nani alianza kucheka sijui, nadhani MC, lakini kicheko kikaenda chumba kizima mpaka korido, wanafunzi huko nje wanaulizana "nini, nini?" na wanajibiwa, "Mkuu kagandishwa!" Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Basi hapo ningetoka. Nilitaka kutoka. Lakini nikasikia mjumbe mmoja anamwambia mwenzake, "Kwa hiyo chumba kipewe fotokopi." Nikairudia maiki.

"Chumba hakitoki," nikamwambia. "Cheka, baba, lakini nisikilize. Kisahani nilikigusa kwa vidole viwili, kwa sekunde, nikiwa nimejifuta. Hakuna aliyeweza kuyaona mafuta yale kwa macho, hata mimi. Pipa limeyaona, limeyapima, limeyachora ukutani, halijanionea haya mimi wala Mkuu. Mashine inayosema ukweli namna hiyo ndiyo mnataka kuitupa stoo? Nifukuzeni mimi. Yenyewe iacheni."

Mwenyekiti akageuza ukurasa wa daftari. "Ukisafisha," akauliza, "utaonyesha nini?"

"Sijui," nikasema. "Pengine hakuna. Lakini kitakachokuwepo nitakuwa nimejaribu kukiua mwenyewe kwa maswali kabla hamjaja."

Akaandika kitu. Akasema watarudi kabla muhula haujaisha, bila keki.

Niliitwa ofisini kumwomba Mkuu radhi, nikaenda. Nilimwomba radhi kwa kumtaja mbele za watu. Kwa kuvua glovu kumsalimia sikuomba, na kwa kusema kweli sikuomba, akaniambia nina kichwa kigumu, nikamwambia ndiyo, baba. Mama nilimsindikiza stendi, na mguu ukiwa kwenye ngazi ya basi akageuka. "Ungesema ni ya kwako, mwanangu." Nikamwambia mama, hayakuwa ya kwangu. Akanitazama kwa hasira, tena hasira kweli, halafu akanivuta sikio kama mtoto mbele ya makondakta. "Basi hicho chumba wasikuchukulie," akasema, akapanda.

Tulilifungua Pipa, tukasafisha mpaka vidole vikachubuka. Mlangoni nikaweka kiti na karatasi: ukiingia, salamu ni hapa nje. Anayekuja namvulia glovu, namsalimia kwa heshima zote, halafu naenda kunawa na kuvaa mpya, hata kama ni mara kumi kwa siku na hata kama Shabani anapiga kelele za umeme. Gwakisa nikamfuata mwenyewe ofisini kwake, nikamwambia lete maswali yote uliyonayo sasa hivi, usiyaweke kwa ajili ya siku ya wageni. Aliyaleta. Simpendi hata leo, lakini aliyaleta mazuri.

Bodi ikarudi. Kisahani kitupu kikapashwa mbele yao, na ukutani mstari ukakaa chini, mnyoofu, mwanzo hadi mwisho, hakuna kitu, na mimi sijawahi kufurahia kutoona kitu namna ile. Tukaweka methanoli bila elektroni, kikatoka kilima cha methanoli, basi. Halafu tukagandisha tena, tukapiga elektroni, tukapasha, na baada ya kilima kikubwa, kwa mbali, kikainuka kingine, kidogo, kibaya, kimeinama upande, ungeweza kukidhani ni uchafu wa projekta. Lakini pale kwenye uzito ule hatukuwa tumeweka kitu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasogea karibu na ukuta. "Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki tu," nikasema.

Akamgeukia Gwakisa. "Una swali?"

Gwakisa akakitazama kile kilima, kisha akatikisa kichwa, hana. Chumba tukaachiwa. Na siku hizi anayenipigia simu akaniuliza kama kweli mimi ndiye yule wa mafuta, namjibu ndiye, njoo na swali lako, Pipa linanguruma.